Bwana Harusi Karudishwa

Leo asubuhi nimenunua maji mitungi sita. Bata wameoga minne. Miwili iliyobaki mke wangu kaifungia chumbani, ufunguo kaufunga kwenye pindo la leso, na ananitazama kama mimi ndiye niliyeyakausha mabomba ya mji huu. Mwenye mkokoteni naye kazidisha shilingi kumi kwa mtungi. Namuuliza kulikoni, ananijibu, "Jua, mzee." Nikalipa. Mtu akishakutajia jua la Mombasa wakati wa kaskazi, huna la kusema.

Lakini maji tumeshayazoea. Kilichonitoa roho leo ni mzee wa nyumba ya tatu.

Mimi nafuga Maskovi, wale bata wenye uso mwekundu wa manundu manundu, utadhani wametoka kupigana na nyuki. Jina la Moscow, asili Amerika ya Kati na Kusini, makazi Kisauni chini ya mwembe wangu, na mtaa mzima unawaita bata wa kienyeji. Sina ubishi. Muhogo nao ulitoka huko huko Amerika, na sijaona mtu akiusimamisha muhogo wa kuchoma aulize babu yake kazaliwa wapi. Swali hilo tumewekewa sisi, siku ya kutafuta kitambulisho.

Uzuri wa Maskovi hana makelele. Dume hata kulia hajui. Anapandisha manyoya ya kichwani, anatikisa mkia, anakupumulia "hhhh" kama tairi la tuktuk linaloisha upepo. Ukikutana naye saa kumi na moja alfajiri nyuma ya mlango wa choo cha uani, utasoma dua zote unazozijua na nyingine utabuni. Ubaya ni kwamba majike yanaruka. Kwao huko Amerika hulala juu ya miti, basi kwangu hulala juu ya tanki la jirani. Jirani na mimi tumebakisha salamu tu, na hizo pia ni za Idi.

Mwaka jana nikajifanya mtaalamu. Nikaleta majike watatu wa Pekin, weupe kama kanzu ya sikukuu, nikawatia kwa dume langu. Pekin anakua upesi na anataga sana, ila kuatamia hana habari nako. Anataga, anaondoka, kama abiria aliyesahau mzigo kwenye matatu. Mayai yote ikabidi nimtilie jike la Maskovi ayalalie. Wakatoka machotara, mashallah, vifua vipana, mwendo wa mheshimiwa anayetafuta kura. Mzee wa nyumba ya tatu akaona dume mmoja, akampenda. Nikamuuzia. Sikumsifu kupita kiasi. Nilisema "damu mpya," basi.

Leo saa mbili kasoro naona msafara unaingia uani. Mbele mzee mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito, bakora. Nyuma mjukuu mmoja kamkumbatia lile dume, na mjukuu wa pili kabeba kikapu kimefunikwa leso. Nikasema moyoni, labda kaniletea mahamri.

Mzee akaketi barazani. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mama yangu aliyeko Kilifi, za goti la mama yangu. Akanywa kahawa vikombe viwili. Wapita njia wakaanza kupunguza mwendo. Kisha akaiweka bakora pembeni.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kurudisha mkwe."

"Mkwe yupi tena, mzee wangu?"

"Huyu." Dume likapumua. "Nimempa wake wanne kama sheria inavyoruhusu. Kazi anaifanya, siwezi kumsingizia. Asubuhi, mchana, jioni, mpaka nikawakataza watoto kutazama. Wake wametaga. Mmoja kaatamia. Bata wetu hawa ni siku thelathini na tano, au nadanganya?"

"Ni thelathini na tano, mzee."

"Leo ni arubaini na nne. Bibi wa watu kakonda, kabaki manyoya na hasira." Akafunua kikapu. Mayai kumi na mbili, yamepauka, yana mng'ao wa mafuta ambao mfugaji akiuona hurudi nyuma hatua mbili. Mimi nilikuwa nimeketi na ukuta nyuma yangu.

Nikakohoa. Nikaanza kumweleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Kwamba bata karibu wote wa kufugwa, huyo Pekin akiwemo, ni ukoo mmoja wa bata mwitu, ila Maskovi ana ukoo wake mbali. Wakioana wanapata watoto, lakini watoto hao ni tasa, vile vile punda akikutana na farasi wakamzaa nyumbu. "Mzee wangu, umewahi kuona nyumbu akazaa?"

"Sijawahi," akasema. "Lakini nimewahi kuona muuzaji akarudisha pesa."

Barazani pakacheka. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye hakuna aliyemwita, akauliza kama bwana harusi keshajaribiwa supu ya pweza.

Nikajitetea. Nikasema Ufaransa machotara hawa wanafugwa maksudi kwa ajili ya nyama, na ni biashara kubwa.

"Mimi si Mfaransa," mzee akajibu. "Na wewe haya uliyajua lini?"

Hapo ndipo palipo na mfupa. Niliyajua wiki moja baada ya kupokea pesa. Nikasema, "Juzijuzi."

Mzee akachukua yai moja, akaliinua juani kati ya vidole viwili. "Basi nioneshe hiyo damu mpya iko wapi."

Jamani, yai viza halioneshwi mtu. Lilipasuka, paa! kama tairi la baiskeli. Harufu ile sikuisikia hata mwaka mtaro ulipofurika mpaka sebuleni. Kanzu, kofia, kahawa, mimi. Wa bodaboda akawasha pikipiki akaondoka bila abiria. Dume likaanguka mikononi mwa mjukuu, likajikung'uta, na mbele ya hadhara nzima likamwendea jike langu pale pale kufanya kile kile, kwa bidii ile ile isiyo na faida kwa yeyote.

Pesa nimerudisha. Nusu; nusu nyingine tumeandikiana, mwisho wa mwezi. Mke wangu kafungua chumba, katoa mtungi mmoja wa kuosha baraza, hakusema neno, na ningependelea aseme. Anataka dume liingie kwenye nazi Ijumaa. Mimi niko tayari, ila gesi imekwisha tangu juzi, na gunia la makaa siku hizi unalikadiria kwa macho tu halafu unaenda zako. Shemeji wa Likoni kasema nimpelekee yeye ampike. Likoni! Mara ya mwisho nimevuka na bata kwenye boksi, feri imejaa, watu bega kwa bega, boksi likaanza "hhhh", mama mmoja akapiga kelele nyoka, na watu mia wakasogea upande mmoja, mimi nikabaki katikati na nafasi yangu. Siku hiyo nilivuka kwa raha, sikumbuki nyingine kama hiyo. Labda nimpeleke Ijumaa asubuhi, watu wakiwa wengi zaidi. Au Jumamosi, kama jirani hajaanza. Namsikia anagonga mabati kwa fimbo. Wamepanda tena kwenye tanki.