Makuti Juu, Kiyoyozi Chini

Ukipita Paje mpaka Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, siku hizi utaona hoteli zinazojinadi kuwa rafiki wa mazingira. Makuti juu, gogo mlangoni, na chini yake sanduku la matofali ya saruji lenye vioo visivyofunguka. Kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana. Makuti ya namna hii ni hina tu, ya kumpendezesha bibi harusi.

Sanaa ya kujenga kwa kusikilizana na maumbile tunayo Mji Mkongwe. Chumba cha nyumba ya zamani ni kirefu na chembamba, upana wake kama mita tatu hivi. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda, kwa hiyo aliyempimia fundi chumba ni mkoko wenyewe. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi, jua la mchana hulichukua saa nyingi kuupenya. Dari iko juu, madirisha yanatazamana.

Chokaa ndiyo inayonivutia zaidi. Ukuta ukinywa maji ya masika, huyatoa tena jua likiwaka. Upige plasta ya saruji, kama wafanyavyo wenye haraka, unyevu unafungiwa ndani. Chumvi inavimba, plasta inabanduka mapande mapande na uso wa jiwe unaondoka nayo. Ukipitisha kiganja unabaki na unga. Kisha tunaambiwa nyumba imezeeka!

Lakini tusidanganyane. Chokaa huchomwa kwa kuni nyingi, matumbawe hayachimbwi yakarudi, na mikoko ya Chwaka ina kazi ya kulinda ufukwe na mazalio ya samaki. Tukijenga wote kama mabwana wa zamani, tutaumaliza mwambao. Cha kuiga ni ile akili ya kuuliza upepo wa kaskazi unaingilia wapi, wa kusi unatokea wapi, kivuli kinamwangukia nani. Hayo yanawezekana hata kwa tofali la saruji, na hayaongezi gharama kubwa.

Kule Fumba wanajenga kwa mbao, na mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa Burj Zanzibar, ghorofa 28 za mbao na zege. Sina ugomvi nao. Nataka tu kujua, umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa Februari, ghorofa ya ishirini watakaa nani?