Tekken 3 ya nyumbani haikuwa nakala hafifu

Video za kulinganisha matoleo ya Tekken 3, mchezo wa video wa kupigana wawili wawili, huwa zimepangwa kwa namna moja. Kioo kimegawanywa katikati, kushoto ni mchezo wa mashine ya ukumbini (arcade) ya 1997, kulia ni wa PlayStation wa 1998. Mpiganaji Jin yule yule, teke lile lile. Kisha picha inasimamishwa ili tutazame nyuma ya wapiganaji. Kushoto mandhari ina kina na inageuka nao. Kulia ni picha bapa, imetandazwa kama pazia la studio ya mpiga picha. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba alichocheza utotoni kilikuwa nusu ya mchezo.

Wanaosema hivyo wana hoja, na si ndogo. Mashine ya ukumbini ilikuwa System 12 ya Namco, waundaji wa mchezo, ambayo kimsingi ni ndugu wa PlayStation aliyelishwa vizuri zaidi: processor yake inakwenda kasi karibu mara moja na nusu ya ile ya nyumbani, na kumbukumbu ni kubwa zaidi. PlayStation ilikuwa na megabaiti 2 za kumbukumbu ya kazi na megabaiti 1 ya picha, basi. Kwa hiyo ngozi za wapiganaji, yaani picha zinazofunika miili yao, zilipungua ukali, miili ikapunguzwa kona, na mandhari ya pande tatu ikaondolewa kabisa. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi mchezo kama waundaji walivyouonyesha kwanza, ya ukumbini ndiyo rejea. Namco wenyewe walilitambua hilo, maana ndani ya Tekken 5 ya PlayStation 2 waliweka Tekken tatu za mwanzo katika umbo lake la ukumbini.

Lakini hebu tuangalie kilichobaki. Kuuleta mchezo ule kwenye PlayStation kulikuwa sawa na kuhamisha mzigo wa Fuso kwenye kirikuu, na mtu hujulikana kwa kile anachokataa kukiacha barabarani. Namco waliacha mandhari. Waliacha urembo wa ngozi. Walichokataa kukiacha ni picha 60 kwa sekunde, yaani mwendo wa mkono na mguu. Pigo lililofika kwa muda fulani ukumbini liliendelea kufika kwa muda ule ule sebuleni. Kisha wakaongeza vitu ambavyo ukumbini havikuwapo: Gon, yule dinosaria mdogo wa katuni za Masashi Tanaka, Daktari Bosconovitch, hali ya Tekken Force ya kutembea ukipiga makundi ya maadui, na Tekken Ball, mpira unaoua. Huwezi kuita hiyo nusu ya mchezo.

Ninaposhangaa zaidi ni hapa: walinganishaji wanahesabu kona za mwili na rangi za ukuta, vitu ambavyo video iliyosimamishwa inaweza kuvionyesha. Muda hauonekani kwenye picha iliyosimama. Na katika mchezo wa ngumi, muda ndio mchezo wenyewe.

Nililijua hili kwa mikono kabla sijalijua kwa akili. Kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu Tanga palikuwa na televisheni ya inchi 14 na pedi mbili zilizofutika alama, ile ya pembetatu ikiwa imebaki kama kovu. CD za Tekken 3 zilikuwa mbili, zote za kunakiliwa. Moja ilitoa picha ya rangi. Nyingine ilikuwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho, na wateja wengi waliikataa. Kaka mwenye kibanda aliiweka tu pale ya rangi ilipokwama. Siku hizo wababe wa rangi walikuwa wanapigwa ovyo. Mateke ya mpiganaji Hwoarang waliyokuwa wakiyazuia kila siku yaliwapita. Tulisema, "Hii CD ina kasi," na tukadhani ni ubovu wa kunakili.

Haikuwa mbovu. Televisheni zetu, kama za Ulaya Magharibi kwa sehemu kubwa, zilifuata mfumo wa PAL: picha 50 kwa sekunde, kasi iliyotokana na umeme wa mizunguko 50 unaoingia nyumbani mwetu hadi leo. Marekani na Japani walifuata NTSC, picha 60. Kwenye PlayStation, diski ndiyo inayoamua itoe picha ngapi. CD ya rangi ilikuwa toleo la Ulaya. Ile nyeusi na nyeupe ilikuwa ya Marekani, na televisheni yetu ilishindwa kusoma rangi zake tu. Kwa maneno mengine, CD tuliyoiona mbovu ndiyo iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa ukumbini, na tuliyoipigania ndiyo iliyokuwa imepunguzwa.

Nimelipigia hesabu jambo hili mara nyingi kuliko inavyostahili. Michezo ya ngumi huhesabu kila kitu kwa fremu, yaani picha moja moja. Chukua ngumi inayofika baada ya fremu 10. Kwa picha 60, inafika ndani ya milisekunde 167. Kwa picha 50, mchezo usiporekebishwa, inachukua milisekunde 200. Hizo 33 zinaonekana si kitu, lakini mwenye kusoma bega la mpinzani na kuamua kuinama anaishi ndani ya hizo 33. Raundi iliyoandikwa sekunde 40 inageuka kuwa sekunde 48 za saa ya ukutani. Kila mruko unaelea kidogo, kila anguko linachelewa. Asilimia 17 ya mwendo imekwenda, na ukiwaweka Jin hawa wawili bega kwa bega kwenye picha iliyosimama, hutaona tofauti yoyote.

Wapo waundaji wa michezo mingine walioliona tatizo wakafanya kazi ya ziada. Super Mario Bros. ya PAL ilibadilishiwa namba za mwendo ili Mario asitambae. Sonic ya kwanza, ya 1991, ilitoka Ulaya ikiwa imepungua mwendo na muziki ukivuta miguu. Ya pili, mwaka mmoja baadaye, muziki ulirekebishwa lakini Sonic mwenyewe hakurekebishwa. Baadaye Dreamcast, mashine ya Sega, ikaruhusu mchezaji wa Ulaya achague 60 kwenye michezo mingi.

Upande wa 50 nao una watetezi, na sitaki kuwapuuza kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Hoja yao ni kwamba wachezaji wote wawili wako ndani ya maji yale yale mazito, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Ushindi wa kibanda kile ulikuwa ushindi wa kweli, na aliyejifunza kwa mwendo ule alijifunza mchezo kamili wenye sheria zake. Nakubali. Lakini hiyo ni hoja kuhusu sisi wachezaji, haihusu toleo. Mchezo uliopangwa kwa mwendo mmoja na kuuzwa kwa mwendo mwingine umepungukiwa, hata kama waliouchezea hawakupungukiwa na furaha.

Mwaka 2018 jambo hili lilijirudia hadharani. Sony walitoa PlayStation Classic, kijimashine chenye michezo 20 ya zamani, na tisa kati ya hiyo ilikuwa matoleo ya PAL. Tekken 3 ilikuwamo. Walioinunua Marekani, ambao hawakuwahi kuonja picha 50 maishani, wakapelekewa mwendo wa kibanda chetu, tena kupitia kijimashine ambacho kilibidi kigawanye picha 50 katika nafasi 60 na kuacha mwendo ukikwaruza. Walilalamika, na walikuwa na haki. Ila angalia walichokilalamikia: hakuna aliyesema mandhari ni bapa. Walisema mkono hauitiki. Vidole vilitoa hukumu ambayo video za kulinganisha zimeshindwa kuitoa.

Leo wengi wetu tunaicheza kwenye simu, kwa programu inayoigiza PlayStation, na faili huwa limetoka kwa rafiki. Tazama namba ya diski. Ikianza na SLUS ni ya Marekani, picha 60. Ikianza na SCES ni ya Ulaya, picha 50. Siku hizi rangi hazipotei kwa upande wowote. Mchukue Hwoarang, cheza raundi tatu kwenye kila moja, na usitazame ukuta wa nyuma.