Linux ikipandisha daraja la prosesa, nani anabaki nje?

Wiki iliyopita nilikaa kwa fundi mmoja Kariakoo. Mezani pake palikuwa na Dell Latitude mbili za mtumba, E6430 na E6440. Ukiziba namba hizo kwa kidole, huwezi kujua ipi ni ipi. Tuliziwasha zote kwa fleshi ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, tukaandika lscpu, amri inayoonyesha sifa za prosesa, tukatafuta neno moja tu: avx2, jina la kundi la amri ambazo prosesa mpya zaidi huzielewa. E6440 inalo, E6430 hainalo. "Kaka, mteja anaziona sawa tu hizi," fundi akaniambia. Kwa baadhi ya Linux mpya, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itawaka au itagoma hata kabla ya kuomba nywila.

Mwaka 2020, watengenezaji wa prosesa AMD na Intel, pamoja na kampuni za Linux Red Hat na SUSE, walikubaliana kuzipanga prosesa za x86 za biti 64, zile zinazotumika kwenye laptopu na seva nyingi, katika madaraja manne, kuanzia x86-64-v1 hadi v4. Daraja la tatu linadai AVX2, ambayo kwa Intel ilianza na kizazi cha prosesa kiitwacho Haswell mwaka 2013. RHEL 9, Linux ya Red Hat ya mwaka 2022, ilitaka daraja la pili. RHEL 10, iliyotoka Mei 2025, inataka la tatu.

Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja nzito, na nyingi nazikubali. AVX2 huiwezesha prosesa kukokotoa namba nane za biti 32 kwa mkupuo mmoja. Programu iliyojengwa kwa daraja la kwanza haigusi nguvu hiyo, isipokuwa mwandishi wake awe ameiandikia njia ya pekee. Mwenye seva mpya anakuwa amelipia uwezo unaolala. Halafu kuna watu wanaojenga na kupima vifurushi vya programu, maana kila daraja linalobakizwa linawaongezea kazi. Na RHEL 9 haijafukiwa: marekebisho yake ya usalama yanaendelea hadi 2032. Tuseme na suala la umeme. Ofisi inayojivunia kupata seva kuukuu kwa bei ya kutupa, mara nyingi inaimalizia bei hiyo kwenye LUKU.

Ninachokataa ni ile kauli kwamba wanaoachwa ni wenye mashine za kale tu. Celeron N4020, prosesa ya Intel ya bei nafuu, ilitoka mwishoni mwa 2019, miaka sita baada ya Haswell, na haina AVX2. Haina hata AVX ya kwanza. Kwa miaka mingi Intel iliuza Celeron na Pentium zisizo na uwezo huo, huku prosesa zake za bei ya juu za wakati uleule zikiwa nao. Mzazi aliyejikamua akamnunulia mwanawe wa chuo laptopu mpya, ikiwa bado kwenye boksi lake, anaweza kuwa amenunua mashine isiyofika daraja la tatu. Wakati huohuo Latitude ya mtumba iliyotumika miaka kumi inapita. Mstari huu unakata kwa bei zaidi kuliko kwa umri, na mji huu unanunua kwa bei.

Kwenye seva mambo ni yaleyale. PowerEdge R720 na R730, seva za Dell, zinafuatana kizazi. Ya kwanza haifiki daraja la tatu, ya pili inafika. Anayeinunulia ofisi seva ya mtumba aulize namba ya prosesa kwanza, habari ya ukubwa wa RAM ije baadaye.

Tena si lazima kuchagua upande mmoja. Tangu toleo la 2.33 la mwaka 2021, glibc, kipande cha msingi ambacho programu nyingi za Linux hukitegemea, inaweza kutambua daraja la prosesa wakati programu inaanza, kisha ikachukua maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) iliyojengwa kwa daraja hilo kutoka folda yake. Mashine dhaifu inachukua ya kawaida. Linux iitwayo openSUSE Tumbleweed inatumia njia hiyo. Ubuntu 25.10, Linux nyingine, imeweka vifurushi vya daraja la tatu kando ya vile vya kawaida. AlmaLinux 10, Linux ya bure inayoiga RHEL, inafuata RHEL 10, lakini imejenga pia toleo la daraja la pili, na huo ni mradi wa jumuiya, hauna mfuko wa Red Hat. Hapo ndipo hoja ya gharama inaponilegea.

Hata RISC-V, usanifu mwingine wa prosesa, mchanga kabisa na usio wa x86, umeshaingia kwenye mvutano huu. Debian 13 imeupokea rasmi mwaka 2025. Mwaka huohuo Ubuntu 25.10 ikapandisha masharti hadi RVA23, orodha ya uwezo ambao prosesa ya RISC-V lazima iwe nao, na bodi nyingi za kompyuta zilizokwisha nunuliwa zikabaki na toleo la Ubuntu la 24.04.

Kwa seva mpya za kukodi, daraja la tatu ni sawa, wala sina ugomvi nalo. Kwa maabara ya shule na laptopu ya mwanafunzi, ningeweka Debian 13 leo hii bila kusita, kwa kuwa bado inawaka kwenye daraja la kwanza, mradi prosesa iwe ya biti 64. Ndiyo tuliyoiweka kwenye ile E6430. Fundi amebandika kipande cha selotepu chini ya kila moja, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: v2, v3.