Mizinga tunaitunza, spea je?

Hapa Jinja, Uganda, tuna mzinga wa Kijerumani uliotoka baharini. Ni mmoja wa ile 10 ya milimita 105 iliyokuwa kwenye manowari Königsberg. Mwingine uko Pretoria, mwingine Fort Jesus, Mombasa. Ukitajwa, watu husimulia vita. Mimi nasema kisa cha mzinga ule ni kisa cha spea.

Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo ya mitambo, ikaizamisha. Haikupita muda, mshindi naye akakwama: kipande kinachoshika pistoni kwenye injini moja kilivunjika. Ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na vipande vibovu vikasafirishwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam. Wakati huo Waingereza wakaigundua, wakaziba mdomo wa mto. Julai 1915 ikafia humo humo, na mizinga yake ikaopolewa na kuanza kuzunguka na majeshi bara.

Mzinga mmoja ulipelekwa Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli iliyoundwa kubeba abiria na mizigo. Huku kwetu Ziwa Victoria, Waingereza walifanya hayo hayo. Winifred, stima ya biashara, ilipewa mizinga, na Juni 1915 stima za ziwani, Usoga (yenye jina la Busoga yetu) ikiwemo, zilipeleka askari kuishambulia Bukoba. Mzinga hufungwa haraka. Kazi ni kuifanya meli iendelee kutembea.

Götzen ndiyo inayonifurahisha. Julai 1916 Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Mzinga ulikuwa umeshaondolewa, lakini mafundi walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuiachia maji. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sijui kama kuna askari wa vita ile aliyefanya kazi iliyodumu kuliko ya wale wapaka grisi.

Sasa tuangalie vivuko vyetu. Kinachovisimamisha mara nyingi si injini kubwa, ni mitambo saidizi: pampu ya maji ya kupozea, jenereta, kompresa ya hewa. Hata nyambizi ni hivyo hivyo. Bila hewa iliyoshindiliwa haiwezi kusukuma maji nje ya matangi yake ipande juu, hata iwe na silaha gani. Mimi nimeshawahi kulala gatini na mizigo yangu kwa sababu ya sili ya pampu, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, kitu kinachoenea kiganjani. Fundi alikuwa nayo kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), imekatika, anatafuta inayofanana. Ya gari angeipata Kisekka, soko la spea za magari Kampala, kabla ya chakula cha mchana. Ya meli iliagizwa ng'ambo, nasi tukasubiri.

Wahasibu watasema spea zikikaa stoo ni pesa iliyolala. Waende wakamweleze hayo mchuuzi wa visiwa vya Ssese ambaye nyanya zake zinaoza kwenye gati la Nakiwogo, Entebbe. Mkataba wa kununua kivuko uje na sili, bearing na pampu za akiba, na zihesabiwe stoo kabla mheshimiwa hajapewa mkasi wa kukata utepe.