Wao hukarabati hoteli, sisi hukarabati jina

Wenzangu wa kazini walinichangia nikanywe chai ya alasiri katika hoteli ya Savoy, London. Naam, mimi huyu wa kyeyo, mbangaizaji wa vibarua ughaibuni, nimekaa ukumbi wa Thames Foyer chini ya kuba la vioo, piano inapigwa, nakula sandwichi za tango nyembamba hadi unaona haya kuzitafuna. Chai yenyewe? Hapana. Ya kwetu, iliyochemka na maziwa na tangawizi, ingeifukuza mezani.

Aliyenichoma moyo ni mhudumu. Kijana kabisa, anamimina huku anasimulia hoteli kama ukoo wake: imefunguliwa 1889, ikafungwa Desemba 2007 ikarabatiwe, fanicha zikapigwa mnada, kazi ikachelewa, gharama zikapita pauni milioni 200, milango ikafunguliwa tena Oktoba 2010. Na jina ni lile lile.

Haya, twende kwetu Uganda, kilima cha Nakasero, Kampala. Ile hoteli ndefu ilianza kama Apolo, jina la Rais Apolo Milton Obote. Amin akapindua serikali 1971, ikageuzwa Kampala International. Leo ni Sheraton. Mjomba wangu wa Bombo bado anasema Apolo, na wajukuu wanamcheka wakidhani uzee umemzidi. Serena je, mnakopigia picha za harusi? Ni ile Nile Mansions ya mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1975, ikaja kuwa Nile Hotel, ikakarabatiwa, ikafunguliwa 2006 kwa jina jipya. Mateso yaliyotendeka vyumbani humo zama za Amin na za utawala wa pili wa Obote sina haja ya kuwasimulia.

Nilipokuja likizo nilimwuliza mhudumu wa hoteli moja mjini, sitaitaja, hapa palikuwa panaitwaje zamani. Akanijibu kwa adabu zote: "Mzee, hapa ni papya." Papya! Na ngazi zimelika katikati kwa miaka ya kukanyagwa.

Najua mnachoandika sasa hivi: Ulaya imempanda kichwani. Tulieni. Kwa bustani, Serena haioni aibu mbele ya hoteli yoyote ya huku, na wahudumu wetu wanakukaribisha hadi unasahau kwamba utaletewa bili. Hilo nitalitetea popote. Lakini mbona tunapaka rangi mgeni akikaribia tu? CHOGM ya 2007, ule mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Kampala, mnaikumbuka, basi niishie hapo.

Mwingine atasema jina ni la mwenye mali, ni biashara. Sawa, ila Savoy nayo imeuzwa na kununuliwa zaidi ya mara moja, na Fairmont, kampuni inayoiendesha, walikuja kama wageni kutoka Kanada. Hawakulifuta jina, kwa sababu jina hilo ndilo linaloleta wateja. Biashara gani hiyo ya kutupa mtaji?

"Wao wanakumbuka mastaa, sisi tukumbuke mateso?" Ndiyo, na hayo pia. Sijasema mweke picha za wafungwa kando ya keki. Nasema kijana anayemimina chai afundishwe historia ya sakafu anayosimama juu yake, mgeni akiuliza ajibiwe. Hilo halihitaji pauni milioni 200, wala mkopo wa Wachina.

Na wewe unayeniambia nirudi nikajenge hoteli yangu, kwanza nijibu hili: mjomba akimwambia mtu wa boda ampeleke Apolo, akashushwa Ntinda, kitongoji kingine kabisa, mwenye kosa nani?