Mwanafunzi aliyembwaga mwalimu wake mahakamani

Wakitajwa waasisi wa Kanada, jina linalotangulia ni John A. Macdonald, na wengi huishia hapo. Kwangu mimi, fundi hasa wa siasa alikuwa Oliver Mowat. Na huyu, uwakili alianza kujifunza akiwa kijana, katika ofisi ya Macdonald huyo huyo, mjini Kingston.

Baadaye hawakupikika chungu kimoja. Shirikisho lilipoundwa mwaka 1867, Macdonald akawa waziri mkuu, na alitaka majimbo yawe kama halmashauri tu chini ya Ottawa, yaani serikali kuu. Mowat aliacha ujaji mwaka 1872 akaenda kuongoza jimbo la Ontario, akakataa katakata. Hakuwa mtu wa kupandisha watu mori jukwaani. Silaha yake ilikuwa rufaa.

Chukua kesi ya Hodge. Mwenye baa mmoja wa Toronto alitozwa faini kwa kuruhusu biliadi ichezwe saa zilizokatazwa na makamishna wa leseni. Akadai jimbo halina mamlaka ya kumwekea masharti hayo. Kesi ikapanda hadi Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya himaya, ambayo miaka mingi baadaye ilisikiliza pia rufaa kutoka Kenya na Tanganyika. Mwaka 1883 majaji waliamua kwamba bunge la jimbo, katika mambo liliyopewa, lina mamlaka kamili. Si mtumwa wa bunge lingine. Yaani meza ya biliadi iliipa Ontario kile ambacho hotuba mia zisingeipa!

Mgogoro wa kupitisha magogo mitoni, ambao kwa ajili yake serikali ya Macdonald iliifuta sheria ya Ontario mara tatu, nao ukaishia London mwaka 1884, kwa faida ya Mowat. Aliongoza jimbo hadi 1896, miaka 24 mfululizo.

Ila ushindi mmoja siwezi kuushangilia. Mwaka 1888 Privy Council iliamua kwamba misitu ambayo Ottawa iliiruhusu kampuni moja ya mbao kuikata ilikuwa mali ya Ontario. Ardhi hiyo ilikuwa ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, waliotia saini mkataba na Ottawa mwaka 1873. Mawakili walibishana kuhusu haki zao kuanzia Toronto hadi London, nao wenyewe hawakuwa upande wowote wa kesi. Mowat, bingwa wa kudai haki ya kusikilizwa kwa jimbo lake, hakuliona hilo kuwa tatizo.