Sigara za umeme: mwanafunzi wa udaktari amjibu nini mgonjwa

Madodoso wanayopewa wanafunzi wa udaktari kuhusu sigara za umeme hufanana sana popote yanapotolewa. Huulizwa wanajua nini, wamewahi kuvuta au la, na wanazionaje. Katika sehemu ya maoni kwa kawaida huwemo sentensi ya kukubali au kukataa: "Sigara ya umeme ina madhara madogo kuliko sigara ya kawaida." Anayekubali ni rahisi kuhesabiwa kuwa hajaelimika. Lakini kwa mtu mzima anayemaliza pakiti kwa siku, sentensi ile ni ya kweli. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote haina kazi, kwa sababu kwake cha kulinganisha ni hewa safi. Dodoso linalomuuliza mwanafunzi swali hilo bila kumtaja mgonjwa hupima kama anajua kulaani, na kulaani si elimu.

Huku visiwani Zanzibar wagonjwa hao wawili wapo. Mwanafunzi anayepita wodi za hospitali ya Mnazi Mmoja leo, kesho anaweza kupangiwa Mkoani au Micheweni, kule Pemba. Atakuja mvuvi wa makamo mwenye kikohozi kisichokwisha, na atakuja kijana anayefanya kazi kwenye hoteli za Nungwi au Paje, kifaa chenye ladha ya embe mfukoni. Jibu moja haliwezi kuwatosha wote wawili.

Mwanafunzi aanze kwa kukijua kifaa chenyewe. Kina betri ya lithiamu, waya mwembamba wa kuchemshia, utambi wa pamba, na kimiminika cha propilini glaikoli na gliserini kilichotiwa ladha na nikotini. Hakuna kinachowaka. Ncha ya sigara ya kawaida hufika nyuzi 900 hivi za Selsiasi mtu anapovuta, na moto huo ndio unaozalisha lami na kaboni monoksaidi. Ndiyo maana kipimo cha kaboni monoksaidi kwenye pumzi hakimgundui anayevuta ya umeme peke yake, ilhali kotinini, mabaki ya nikotini iliyovunjwa mwilini, humuonesha ikipimwa kwenye mkojo. Hata hivyo, kukosekana kwa moto hakufanyi mvuke ule kuwa maji matupu. Utambi ukikauka huku waya bado unachemka, kimiminika huungua na kutoa fomaldehaidi, na mvutaji huhisi koo kuwaka. Waya nao huachia chembe za nikeli na kromiamu. Baadhi ya ladha za siagi na maziwa zimekutwa na daiasetili, kemikali ile ile iliyoharibu vijia vidogo vya hewa vya wafanyakazi wa viwanda vya bisi Marekani.

Wengi hukwama kwenye nikotini, na kosa ni la hesabu. Asilimia 2 kwenye pakiti maana yake ni miligramu 20 kwa kila mililita, na asilimia 5 ni 50. Kifaa cha mililita 2 chenye asilimia 5 kimebeba miligramu 100, wakati mwili wa mvutaji hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa sigara moja. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita. Kifaa kinachouzwa dukani bila udhibiti hakina anayekihakiki. Tena siku hizi hutumika nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo, kwa hiyo anayeanza havuti akakohoa akaacha, kama ilivyowatokea wengi kwa sigara ya kwanza.

Wanaotaka wanafunzi wafundishwe kuwa kifaa hiki kinaweza kusaidia wana ushahidi mzito. Utafiti wa Peter Hajek na wenzake, uliochapishwa 2019, uliwagawa wavutaji 886 nchini Uingereza: wengine walipewa sigara za umeme, wengine plasta, ubani wa kutafuna na dawa nyingine za nikotini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha sigara, na asilimia 9.9 ya kundi la pili. Daktari anayemwambia mvutaji sugu kuwa vyote ni sawa, basi abaki na sigara yake, anampotosha. Na mgonjwa akija kuujua ukweli kwingine, hata nasaha ya dawa ya presha hataiamini tena.

Lakini matokeo yale hayahami yenyewe kutoka kliniki ya Uingereza mpaka duka la Darajani. Washiriki walipewa kifaa cha kujazwa tena chenye miligramu 18 kwa mililita, na wakapata ushauri nasaha kila wiki kwa angalau wiki nne. Pia, katika walioacha sigara kwa msaada wa kifaa, asilimia 80 walikuwa bado wanakivuta mwaka ulipotimia. Kwa waliotumia dawa za nikotini ilikuwa asilimia 9. Wasiwasi wa upande wa pili, wa wanaowahofia vijana, una uzito huo huo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kununua vifaa hivi, na 34 zilikuwa zimepiga marufuku kuuzwa kwake. Ubongo, ambao nikotini huweza kuudhuru ukiwa bado unakomaa, huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na wanafunzi wengi wa udaktari wenyewe bado hawajaufikia umri huo.

Mizani yetu inaelemea hapa: asiyevuta aambiwe asianze, bila kuzungushiwa maneno. Mvutaji apewe kwanza ushauri na dawa zilizothibitishwa pale zinapopatikana. Akishindwa, au amekwisha jihamishia kwenye ya umeme, asirudishwe kwenye sigara. Asaidiwe kuhama kabisa. Anayevuta zote mbili, moja mchana na nyingine usiku, hajajipunguzia kitu cha maana.

Kuna mambo mawili ya wodini ambayo madodoso hayayagusi. La kwanza ni dawa. Moshi wa sigara, kwa sababu ya kemikali zake na si nikotini, huharakisha kimeng'enya cha ini kinachovunja aminofilini, dawa ya pumu, na klozapini, dawa ya maradhi ya akili. Mgonjwa akihamia sigara ya umeme ghafla, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na dozi ile ile huanza kumzidi: kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege. La pili ni mapafu. Katika mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliowapata wavutaji wa vifaa hivi Marekani 2019, hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Uhusiano mkubwa ulikuwa na vitamini E asiteti iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi. Ugonjwa ule hufanana na nimonia ya pande zote mbili. Kwetu, ambako nimonia na kifua kikuu ndivyo vinavyofikiriwa mwanzo, na ni sawa, hautatambulika asipokuwepo wa kuuliza.

Na kuuliza kuna namna yake. "Mzee wangu, unavuta sigara?" hujibiwa "hapana" na mtu anayetafuna tambuu yenye tumbaku, au kijana mwenye kifaa mfukoni. Mwanafunzi ataje kimoja kimoja: sigara, shisha, ya umeme, ugoro, tambuu. Akikubali ya umeme, aulizwe asilimia iliyoandikwa, kifaa kimoja humtosha siku ngapi, anaanza kuvuta dakika ngapi baada ya kuamka, na kama kifaa kimetiwa kitu kingine ndani. Awe peke yake anapoulizwa; mbele ya mama yake hatasema.

Ramadhani ina nafasi ambayo haitumiki ipasavyo. Mvutaji hukaa saa 13 hivi bila nikotini, na kwa kuwa nusu yake hutoka damuni kila baada ya saa mbili, ikifika magharibi imebaki kidogo sana. Saa ngumu ni ile ya baada ya futari. Mpango wa kuacha uwekwe juu ya saa hiyo: dozi ya ubani wa nikotini baada ya kula, kutoka kwenda tarawehe mapema, na asikae barazani na wanaovuta. Kuhusu plasta mchana wa saumu, amuulize sheikh wake. Daktari asitoe fatwa.